Kizibao cha Fundi

Mkurugenzi hakuwa na kitu anachokiongoza. Alikuwa na suti moja, simu mbili, ulimi mtamu na chumba chenye kiyoyozi ghorofa ya kwanza, ambamo alikuwa akiahidi watu kazi za ughaibuni. Mwenye nyumba alishamwambia ahame zamani, lakini kila mama huyo alipokuja kugonga mlango, mama mzazi wa Mkurugenzi alikuwa mahututi. Alishalazwa mara nne, akafariki mara mbili, na kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano alikuwa amerudi wodini wiki hiyo hiyo.

Mchana mmoja wa jua kali, Mkurugenzi akiwa amejibanza kwenye kivuli cha bucha, alimwona fundi cherehani wa vibanda vya mabati akija. Mtaa mzima ulikuwa unajipepea, fundi amevaa kizibao kinene chenye mifuko iliyovimba. Alikuja ameshika ukuta, mguu mmoja ukiburuta. Akaingia bucha, akavua kizibao, mwenye bucha akakitia kwenye friza na kumtolea kingine kama hicho. Fundi akakivaa, akakaa kwenye benchi amefumba macho. Alipotoka alitembea kama askari wa gwaride.

"Yule ana nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Anaumwa," mwenye bucha akasema. "Joto linamlegeza. Mle mna vifuko vya barafu, vinampoza."

Mkurugenzi akacheka mpaka tai ikapinda. Tusimlaumu sana. Mtu aliyemzika mama yake mara mbili kwa ajili ya chumba hawezi kuamini ugonjwa wa mtu mwingine. Kizibao kizito, kinafichwa chini ya maini, na mwenyewe akikivaa tu anapata nguvu? Hiyo ilikuwa dhahabu, na yeye alikuwa amechelewa kuiona.

Akavuka barabara. Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Uzi ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, tundu ukalikosa.

"Dada yangu, pole na kazi."

Kila mtu hujibu nishapoa. Fundi akajibu, "Sijapoa, kaka. Saa sita ikifika nafunga, wateja wanaondoka. Nikiendelea hivi cherehani nitaiuza."

Mkurugenzi akavuta kigoda. "Hicho kizibao, nani aliyekuvisha?"

"Em-esi ndiyo iliyonivisha."

"Em-esi," Mkurugenzi akarudia kwa sauti ya chini. Herufi mbili tu; huyo alikuwa mkubwa asiyetaka kutajwa. "Mko pamoja tangu lini?"

Fundi akamtazama. Akamtazama tena, safari hii vizuri zaidi.

"Miaka sita," akasema taratibu. "Ni ugonjwa, unanitafuna mishipa ya fahamu. Joto likipanda, macho yanaingia ukungu, miguu inakataa. Nikipoa, vyote vinarudi."

"Vyote?"

"Vyote. Ndiyo maana nataka mahali pa baridi."

Mkurugenzi alielewa: mahali pasipofika polisi. "Nikikupa mahali hapo, kizibao utaniachia?"

"Nitakuachia. Ila nakwambia ukweli, kaka, humo ndani mna barafu tu."

"Barafu," akamkonyeza. "Nimekuelewa."

"Na usikiweke juani. Kikipata joto, umepoteza kila kitu."

Mkurugenzi alikuwa hajawahi kukutana na tapeli anayesema kwa mafumbo mazuri hivyo, hata akamwonea wivu. Akamtolea chumba chake na kiyoyozi chake. Moyoni alikuwa anajichekea, maana mwenye nyumba sasa angepambana na fundi. Kwa furaha aliyokuwa nayo, akaibeba cherehani mwenyewe mpaka ghorofani, akakabidhi funguo zote, akavaa kizibao ndani ya koti la suti na kukata mitaa kwa haraka.

Kwa sonara alifika suruali imelowa mpaka kwenye soksi. Sonara akamtandikia magazeti sakafuni bila kuuliza neno, kwa adabu ambayo mtu humpa mzee aliyechelewa kufika chooni. Akafungua mfuko wa kwanza, kisha wa pili.

"Ni maji."

"Angalia tena."

"Ni maji, bwana. Na yameshaanza kuwa ya vuguvugu."

Mkurugenzi akarudi mbio, jua likimchoma utosini. Alipofungua mlango wa chumba chake cha zamani, baridi ikampokea usoni. Fundi amevaa blauzi nyepesi. Akalamba ncha ya uzi, akaupitisha kwenye tundu mara moja, akacheka peke yake. Kwenye kiti cha Mkurugenzi alikuwa ameketi mwenye nyumba.

"Dada, umenipiga changa la macho."

"Nilikwambia naumwa, nikakwambia ni barafu, nikakwambia kikipata joto umepoteza kila kitu. Uongo ni upi?"

Mkurugenzi akautafuta, hakuuona. "Basi ungesema kwa namna ya kuaminika," akalalamika. Akamgeukia mwenye nyumba, sura ikaingia msiba. "Mama, chumba ni changu. Na hali ya mama yangu unaijua..."

"Mama yako tulishamzika, baba. Mimi binafsi nililia." Mwenye nyumba akatikisa kichwa. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Nilimwambia, ukiweza kumtoa yule bwana, chumba ni chako. Mimi nimeshindwa mwaka mzima. Yeye katumia barafu, na cherehani ukambebea."

"Shangazi, usimcheke," fundi akasema, naye machozi ya kicheko yanamtoka. Akanyoosha mkono. "Kaka, kizibao changu. Nje bado kuna joto, nami nina njia ya kurudi nyumbani."

Mkurugenzi akakivua. Fundi akakikamua dirishani, akakikunja vizuri, akamrudishia mikononi.

"Ukipita bucha, mpe akitie kwenye friza. Nitakifuata jioni."

Na Mkurugenzi, kwa kuwa hakuwa tena na pa kwenda, akakubali. Mlangoni mazoea ya ulimi yakamponyoka.

"Haya, dada. Pole na kazi."

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye mshono.

"Nishapoa, kaka."