Vita vya Bambo na Gunia la Mbele, Sokoni Kibaigwa

Tegeni masikio, enyi wakaaji wa nyanda kavu, wala mlenda na wabeba mizigo, mliokaa na mliosimama! Zimeni simu zenu, maana nawaletea habari ya vita vilivyopiganwa soko la mahindi la Kibaigwa, vita visivyomwaga damu hata tone, ila punje, nazo hazikuzidi konzi mbili.

Shujaa wake ni Yasinta, Binti wa Darasa la Saba, Mwenye Subira ya Punda, Mtazamaji wa Yote na Msemaji wa Nadra. Alikuwa amesimama mbele ya magunia ishirini ya kikundi cha shangazi yake Generosa, yaliyosafiri juu ya tela la trekta chini ya turubai lenye tundu. Tundu lilikuwa moja tu, nalo, kwa shauri la majaaliwa, lilikaa sawia juu ya gunia la mbele. Mvua ya alfajiri ikapenya humo.

Ndipo akatokea Zablon, mpimaji wa tajiri mnunuzi, Zablon Mchoma Magunia, mkononi ameshika bambo, ule mkuki wa bati wenye tumbo tupu, unaoingia guniani ukiwa na njaa na kutoka umeshiba punje. Akalichoma gunia la mbele, kwa kuwa lilikuwa mbele. Akamimina punje kwenye kipima unyevu. Kipima kikanena: kumi na saba kwa mia.

"Mwisho wetu kumi na nne," akatangaza kwa sauti ya mfalme. "Mzigo umelowa. Geuzeni tela."

Kugeuza tela! Wanawake kumi na wawili walikuwa wamemkabidhi Generosa mavuno yao yote, lori la tajiri lilikuwa la mwisho wiki hiyo, na kijijini ghala hakuna, ila sebule na panya wake.

"Wewe Zablon!" Generosa akanguruma. "Mahindi haya nimeyang'ata kwa meno yangu, yakalia ka!"

"Meno yako hayana cheti, mama."

Akajitosa Imrani, mwanachuo aliyekuja sokoni kwa mafunzo, mwenye miwani na nia njema. "Mama, tatizo ni kwamba sampuli si wakilishi. Ichukuliwe sampuli nasibu, tupate wastani, tuangalie na mtawanyiko..."

"Wastani?" Generosa akafura kama andazi. "Mahindi yangu ya wastani? Kijana, neno hilo nalijua! Liliandikwa kwenye ripoti za wanangu wote sita, na kila lilipoandikwa tulilia!"

"Mama, si wastani ule."

"Kwani upo mwingine?"

Soko likaangua kicheko. Mwanachuo akatafuta neno jepesi mfukoni mwake, akakuta mazito matupu.

Yasinta akatazama huku na huku. Ripoti zake mwenyewe, za miaka saba, ziliandikwa Wastani tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Akajiambia: kama yupo bingwa wa neno hili uwanjani hapa, ni mimi. Akapiga hatua moja, akajikwaa kwenye kamba ya tela, akainuka na kufungua kinywa. Ikatoka sauti kama ya mbuzi aliyefungiwa.

"Samahani, kaka Zablon. Mtu ametia chumvi kwenye mlenda, hajakoroga, akaonja pale pale chumvi ilipodondokea. Atasemaje?"

"Atasema imezidi."

"Basi ndivyo ulivyoonja wewe. Magunia hayakorogeki, kwa hiyo tuonje kila la nne. Na asichague mtu: si wewe unayependa la mbele, wala si shangazi anayelijua lililo kavu."

"Hiyo ndiyo sampuli!" Imrani akapaza sauti.

"Nyamaza, anaeleza mwanangu," akasema Generosa.

Bambo likaingia vitani mara tano: la kwanza, la tano, la tisa, la kumi na tatu, la kumi na saba. Kipima kikanena: kumi na saba, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na tatu.

"Shangazi, wastani huu si alama ya shule. Chukua unyevu wote wa magunia matano, umwage kwenye beseni moja, halafu ugawe upya sawa kwa sawa. Kila moja linapata kumi na tatu na nukta nne."

"Tumepita!" Generosa akashangilia. Vigelegele vikapaa.

Shujaa mwenye akili angekomea hapo. Yasinta hakukomea.

"Ila la mbele bado limelowa. Wastani umelifichia aibu tu. Likipanda lori, litaozesha majirani."

"Mdomo huo!" Generosa akashika kichwa. "Tumeshapita, mtoto!"

Zablon akachoma na yale mawili ya jirani, akayakuta makavu, akacheka. "Huyu namwamini. Lishusheni hilo. Kumi na tisa yapande."

Na iandikwe, enyi waandishi, wajukuu wasome: siku hiyo magunia kumi na tisa yalipanda lori kwa heshima zote. Lile la mbele lilianikwa juu ya turubai lile lile nyuma ya kibanda cha mama ntilie, ndoo baada ya ndoo, na shujaa mwenyewe, kwa kuwa Generosa alihukumu kwamba mwenye mdomo ndiye mwenye mgongo. Akasimama juani Yasinta Mkuu, Mfafanuzi wa Wastani, akilinda ushindi wake kwa kandambili moja dhidi ya jeshi la kuku. Nao kuku, kwa haki tupu, walionja pembe zote nne bila kupendelea.