Sumu ya Mto Asuben na Sufuria ya Afrakoma

Jumatatu, 3 Machi

"Maji ya Asuben yanang'aa, na mto unaong'aa hauna sumu." Hayo kayasema Mwalimu Dwomoh redioni asubuhi, na nusu ya Nkwaeso ikampigia simu kumpongeza. Upuuzi. Chumvi nayo haionekani majini. Mtilie kijiko kizima kwenye chai yake tuone kama hataitema. Zebaki ya wachimba dhahabu imo mle. Ijumaa baraza la chifu linaamua kama mashine zao zirudi mtoni. Zikirudi, samaki ndiyo basi, na maji ya kunywa ndiyo basi. Nitapeleka ushahidi. Leo sitalala kwa furaha.

Jumanne, 4 Machi

Nimechota ndoo nzima alfajiri. Kesho kwa mila ni siku ya mto kupumzika, hakuna anayeugusa. Mpwa wangu Serwaa, mkemia wa maabara kule Kumasi, aliniagiza tope la chini, tena kwa kijiko cha plastiki. Tope! Nani atatikiswa na tope? Mimi nina wazo bora. Sumu ni chembe chache katika maji mengi. Punguza maji, chembe zitakutana. Nimeyachemsha kutwa katika sufuria ya mke wangu Afrakoma, ile ambayo fundi aliisubu kwa kuyeyusha vyuma chakavu, hadi kikabaki kikombe kimoja. Limau kidogo, kuikaza sumu. Afrakoma akauliza kama leo apikie supu kwenye kofia yangu. Nikamwambia historia haingoji fufu. Akasema, "Basi kaile hiyo historia, Baba Yeboah."

Kikombe kimekwenda Kumasi kwa basi la jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Serwaa kapiga simu. Madini ya risasi yamejaa kupita kiasi! Nimeruka, kiti kimevunjika mguu. Alikuwa bado anauliza jambo fulani kuhusu chombo, lakini nilikwisha kata simu. Redio ilikuwa inaningoja. Nimenguruma hadi mtangazaji akaomba maji. Kwaheri, Dwomoh. Amekwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Hajaisha. Barazani alisimama taratibu, akafuta miwani, akauliza zebaki iko wapi. Nikasema risasi ni ndugu yake. Akauliza jinsi nilivyoyatayarisha maji, nami, kwa kuwa sisemi uongo, nikaeleza yote, hata limau. Serwaa, aliyekuja kunisaidia, akafunika uso. Kisha akasimama na kueleza kuwa zebaki niliifukuza mwenyewe kwa mvuke, na risasi ilitoka kwenye sufuria. "Mjomba," akasema, "umepima jiko lako." Chifu alicheka hadi mwavuli wa kichifu juu yake ukayumba. Dwomoh akasema apewe bakuli, mjomba ametuletea supu.

Halafu wanawake wakaacha kucheka. Wakaanza kuuliza sufuria zao ni za fundi gani.

Uamuzi: sufuria zote za kusubu zipimwe, na mwenyekiti wa kamati ya kuzipima ni Dwomoh. Yeye! Kwa ugunduzi wangu! Mashine zimesogezwa wiki moja tu, kwa kuwa Serwaa alipiga magoti. Wiki ijayo bila ushahidi, zinaingia. Afrakoma ameitupa sufuria yake nje.

Jumatatu, 10 Machi

Nafasi ya mwisho. Serwaa kaniachia chupa za maji na makopo ya tope, vyote vimesafishwa kwa tindikali, na katika kila chupa tone la tindikali hiyo limeachwa ili zebaki isigande kwenye kuta zake. Akanisihi nisivisuuze. Nimemtii katika kila kitu. Tope nimechota. Kijiko cha plastiki nimetumia. Ila nilipofungua chupa zilinuka uchachu, na nani ajuaye Dwomoh amepita wapi? Nimezisugua moja moja kwa sabuni na majivu, makopo pia, hadi vikang'aa, ndipo nikavijaza. Kazi safi kabisa. Serwaa amekwisha ondoka navyo.

Sasa ninyi wazee wa baraza la Nkwaeso, nawaambieni: Ijumaa njooni na muhuri wa kupiga marufuku mashine, na Dwomoh mpeni kiti cha mbele.