Sista wa Pande Mbili

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Pamoja ya Zahanati Ndogo za Kibera na Kawangware.

Mheshimiwa Bi. Angeline,

MINT: MKATABA WENU ULIONIFANYA KAKA YA MCHUMBA WANGU

Nakuandikia kwa heshima, na kwa Kiswahili cha mtu mwenye shahada ya daraja la pili, kitengo cha juu. Sipingi maendeleo. Nafahamu kwamba kabla ya mkataba wenu, muuguzi aliyeidhinishwa Kawangware hakuweza kumdunga mtu sindano Kibera mpaka aanze upya maombi, mahojiano na mihuri. Sasa leseni moja inatosha pande zote mbili. Hilo nalipongeza. Ila kifungu cha nne, ulichokisoma mwenyewe katika mkutano wa wakazi pale Olympic, hapa Kibera, kinasema: "Sista wa upande mmoja atakuwa sista wa upande wa pili, na wakazi watampokea hivyo."

Mchumba wangu Sella ni sista katika zahanati moja ya Riruta Satellite, upande wa Kawangware. Kwa idhini ya mkataba huo, sasa hufanya zamu hapa kwetu Soweto West, Kibera, kila Jumanne na Ijumaa. Baba mkubwa Ambrose, fundi seremala, ambaye ndiye angeongoza ujumbe wetu wa posa, alikuwa ameketi safu ya mbele mkutanoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Baba mkubwa alirudi nyumbani na kuivunja safari ya posa. "Mwenyekiti amesoma mbele ya watu, Billy. Huyo ni sista kwao na ni sista kwetu. Sisi Wasamia hatuoi masista wetu." Nilimweleza kwamba sista ni cheo cha kazi. Akaniuliza kama nilipelekwa chuo kikuu ili nirudi kuoa nyumbani.

2. Binamu yangu Ian ameikubali hukumu hiyo kwa haraka inayotia shaka. Siku za zamu huenda zahanati na kula chakula cha mchana cha Sella, akisema, "Si ni cha sista? Tulia, bro." Sella huniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyetia sahihi.

3. Hili ndilo zito. Undugu huu umewapata wauguzi wa kike pekee. Oluoch naye ni muuguzi wa Kawangware, na alivuka kwa mkataba uleule, lakini kwa kuwa ni mwanamume, wagonjwa humwita daktari. Daktari hana undugu na mtu. Kwa hiyo vijana wote wa Kibera ni kaka za masista wote wa Kawangware, vijana wa Kawangware ni kaka za masista wa Kibera, na mwanamume pekee aliye huru kuoa pande zote mbili ni Oluoch. Nimearifiwa kwamba amenunua viatu vipya.

4. Mkiueneza mkataba huu hadi kaunti nyingine, kizazi kijacho cha taifa hili kitakuwa cha Oluoch. Sidhani kamati ililijadili.

Kwa sababu hizo, naomba mkataba ufutwe, na kila sista abaki upande ambao undugu wake unajulikana. Hilo likiwa gumu, neno "sista" liondolewe, na badala yake iandikwe "mtaalamu wa afya asiye na uhusiano wa damu na mkazi yeyote". Maneno hayo yashonwe kwenye sare, kifuani, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani ataziona. Nimeambatisha wasifu wangu, iwapo kamati itatambua kwamba inahitaji mhariri wa vifungu.

Nisalimie wanakamati wote, mlinzi wa lango, na wagonjwa walio kwenye benchi. Oluoch msimsalimie.

Ni mimi, ninayekataa kuwa kaka,
Billy Wabwire
(Shahada ya Utawala wa Umma)

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, baba mkubwa ameota jipu mahali ambapo seremala hukalia. Leo Ijumaa tumempeleka zahanati, tukamkuta Sella. Mzee alikataa kuvua suruali, kwa kuwa binti hamwoni baba yake hivyo. Sella akavaa glavu polepole. "Mzee, mimi ni binti yako, ama ni sista wa zahanati?"

"Wa zahanati," akasema mzee chini chini.

"Sema wale wa benchi wasikie."

Walisikia hata wauza mboga walio nje. Ian, mdomo ukiwa umejaa chapati ya Sella, akauliza kama mbele ya mkwe aibu isingekuwa kubwa zaidi. Mzee akajibu, uso ukiwa ndani ya mto, "Leo sina binti, sina mkwe. Nina jipu."

Safari ya posa imefufuliwa, ila mzee ametaka tungoje kidonda kipone kabla Sella hajawa mkwe. Kwa hivyo tafadhali mkataba usiguswe, hata kifungu cha nne. Kidonda kinaoshwa Jumanne. Oluoch amejitolea kukiosha, lakini mzee amemkataa. Anasema hawana undugu.