Laini Imesonga

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Mama Asekenye, mwenye jengo hili na shemasi wa kanisa letu, amekuja asubuhi na kamba ya kupimia. Nikampangusia benchi kwa shati langu mwenyewe. Hakukaa. Alipima kutoka ukuta mpaka ukuta, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, kisha akanieleza kwa ile sauti yake ya kanisani kwamba mahindi yake ya Amukura yamekauka na hayana pa kulala.

Nikamwuliza sinema nayo italala wapi. Akasema hapa hakuna sinema inayolala, anayelala ni mimi. Kweli, wiki jana alinikuta nimejinyoosha kwenye benchi mchana. Lakini nilikuwa nafikiria!

Ati Mwanga Sinema iwe stoo ya mahindi! Ukumbi wenye pazia la kitambaa, si gunia! Na mimi, Methuselah Otukei, Mkurugenzi, niende wapi? Nililia kidogo. Ikasaidia. Mama Asekenye amenipa nafasi moja: Jumamosi jioni atakuja mwenyewe, akae mbele. Akikuta ukumbi umejaa mpaka mlangoni, nabaki. Asipokuta, Jumatatu magunia yanaingia.

Adui anajulikana. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa Chrispine. Mabati yake yanavuja na benchi zake zina misumari, lakini ana VJ Echodu, mtu wa kutafsiri filamu kwa maikrofoni, na huyo Echodu ndiye taabu yangu yote. Bila VJ, sinema ni wageni tu wanaogombana ukutani. Echodu akishika maikrofoni, yule mzungu mwenye bastola anageuka kuwa mtu wa Chakol anayetafuta ng'ombe wake, na madereva wanapiga kelele hadi chapati zinatetemeka kwenye karai.

Madereva ndio watu wa sinema hapa Malaba. Malori yao yanakwama kwenye laini ya kuvuka mpaka kutwa nzima, na mtu hawezi kutazama tairi la mwenzake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Lazima atafute burudani. Wanaitafuta kwa Chrispine.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na akili mpya. Nimefuta ubao wa nje na kuandika upya, kwa chaki ya rangi:

IJUMAA: Filamu! NGUMI YA MWISHO, Sehemu ya Tano!
JUMAMOSI: Mchezo wa jukwaani, MOJA KWA MOJA kutoka Ulaya!
JUMAPILI: Muziki! Wanamuziki wa KIMATAIFA!

Amongin, dada yangu, anayekaanga chapati mlangoni, alisoma polepole akiwa ameshika mwiko. Aliuliza sehemu ya kwanza mpaka ya nne ziko wapi. Nikamwambia watu wana haraka, wanataka mwisho. Akauliza tangu lini tuna mtu Ulaya. Nikamweleza kuna ukumbi mkubwa huko unaorusha michezo yake kwenye mtandao, kila mtu anaruhusiwa kutazama, mimi naunganisha simu na projekta basi. Akauliza wanaongea lugha gani. Nikasema hawaongei, wanaimba. Akauliza wanaimba kwa lugha gani. Dada yangu ana kipawa cha kuvunja watu moyo.

Na wanamuziki wa kimataifa? Ni wajomba zetu wa Chakol, wapiga akogo, vile vinanda vidogo vya vidole. Amongin alicheka mpaka chapati ikaungua. Lakini nimeshapanga. Jumapili asubuhi wajomba watavuka mpaka, wakanyage Uganda, kisha warudi. Mtu akitoka Uganda akaingia Kenya na chombo chake cha muziki ni wa kimataifa. Huo si uongo, ni jiografia.

Jumatano, 6 Agosti

Ushindi! Nimempata Echodu kwa kinyozi. Nilikaa kiti cha pili kana kwamba nami nimekuja kunyolewa, na kweli nikanyolewa, kwa sababu yule kinyozi hakuuliza.

Nilimpiga palipouma. Nikamwuliza kwa huruma kama ameona jina lake liko wapi kwenye ubao wa Chrispine. Liko chini kabisa, chini ya USITEME MATE. Echodu alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Nikamwambia kwangu jina lake litakuwa juu, kubwa kuliko la mchezo wenyewe, kubwa kuliko Ulaya. Akakubali. Ijumaa anamalizia kwa Chrispine kwa sababu ameshatoa neno lake, Jumamosi ni wangu.

Ameweka sharti moja tu. Alinishika mkono kabisa.

"Otukei, mimi nikiwa katikati ya hadithi, mtu asinikate. Hata kama nyumba inaungua, ningoje nimalize."

Nimeapa kwa jina la mama yetu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Jioni hii nilikuwa na watu wachache: madereva kadhaa, nusu yao wamelala, na wale wanaongoja chapati. Ngumi ya Mwisho ikiendelea, hakuna aliyejua nani anampiga nani. Ng'ambo, kwa Chrispine, vicheko. Kisha kimya cha watu wanaosikiliza. Kisha vicheko tena! Ningemngoja Echodu mpaka kesho, lakini roho ya mtu si chuma.

Nikavaa koti la dereva, lile la njano linalong'aa, lililosahaulika kwangu mwaka jana. Nikashusha kofia mpaka kwenye nyusi. Nikavuka barabara, nikaingia kwa Chrispine, nikajaza hewa kifuani na kupaza sauti:

"Laini imesonga!"

Nani asiyejua maneno hayo hapa Malaba? Dereva akiyasikia anaacha chai, anaacha kinyozi katikati ya kichwa, kwa sababu lori lisiposogea na wenzake linapitwa na yote ya nyuma. Ukumbi mzima ulisimama kwa pamoja. Waligombania mlango, mmoja akatoka na benchi imenasa kwenye suruali, wengine wakatumia dirisha. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kazi safi!

Halafu nikatazama ng'ambo. Kuta zangu pia ni mabati, na barabara si pana. Watu wangu nao walikuwa wanatoka mbio, mmoja amebeba mto wangu wa kukalia. Hata wale wa chapati walikimbia, na hawana lori.

Laini haikuwa imesonga hata kidogo. Madereva walisimama kwenye vumbi wakiulizana ni nani aliyesema, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kurudi kwetu wala kwa Chrispine. Kumbi mbili tupu.

Echodu alibaki peke yake na maikrofoni. Alikuwa amefika pale ambapo kijana anarudi nyumbani na kukuta mama yake yuko hai. Alinitazama moja kwa moja. Lakini kofia ilikuwa chini sana. Nina hakika hakunitambua.

Jumamosi, 9 Agosti

Lazima niandike yote usiku huu.

Kumbe Echodu alitoka jana akapita kwenye laini, lori baada ya lori, akiwaambia madereva kwamba waliokatiwa utamu waje leo kwa Methuselah. Wakaja! Walijaa benchi, wakajaa sakafu, wengine wamesimama mlangoni na chapati mkononi. Mama Asekenye alikaa mbele na mkoba wake mapajani. Nilitamani kumkumbatia kila mtu.

Echodu aliingia, akanisalimu kwa adabu, akaniinamia sikioni.

"Mkurugenzi, lile koti lako la jana umeliacha wapi?"

Nikamwomba msamaha palepale, nikamwambia anione kama ndugu, nikamtajia mahindi ya Mama Asekenye. Akanipigapiga bega na kusema nisijali, atatafsiri tu.

Ulaya ikatokea ukutani. Ukumbi wenye dhahabu, watu wenye nywele nyeupe za bandia, na mwanamume mmoja mnene aliyefungua mdomo akaimba bila kupumzika. Hakuna aliyeelewa kitu. Mtu akapiga miayo. Mama Asekenye akainua macho kwenye paa, na nilijua anapanga magunia yatafika urefu gani. Nikaanza kuaga ukumbi wangu moyoni.

Hapo Echodu akawasha maikrofoni.

"Huyu mnene anaitwa Methuselah. Anasema, mimi ni Mkurugenzi, lakini watu wangu wamelala."

Kicheko kikamwagika kama mvua kwenye mabati. Sikujua nitazame wapi. Na mambo ya ajabu, haki ya nani: yule mnene akachukua koti la mtu mwingine, akalivaa! Nani aliwaambia hawa watu wa Ulaya? Akashusha kofia! Akanyata mpaka kwenye nyumba ya jirani, akajificha nyuma ya pazia, tumbo likabaki nje. Echodu akashusha sauti.

"Sasa ameingia kwa Chrispine. Amejaza hewa. Mnajua atasema nini?"

"Laini imesonga!" Ukumbi mzima, kwa sauti moja.

Kule ukutani wanawake walimgundua, wakamtandika kwa mifagio, naye anaimba tu. Echodu akawa anataja kila pigo: hili ni la dereva wa mafuta, hili la dereva wa simenti, hili la mama wa yule kijana aliyerudi nyumbani. Madereva waligeuka kunitazama. Mmoja akavuka watu wote ili anipe mkono. Amongin alikuwa anafuta machozi kwa aproni. Mama Asekenye akageuka na kuniuliza kama ni kweli nilifanya hivyo. Nikasema ni kweli, mama. Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, akavua kiatu, akawa anapiga nacho sakafu.

Kisha mlango ukasukumwa. Chrispine! Macho mekundu kwa hasira, amesimama katikati ya watu wangu wote.

"Laini imesonga!"

Na nje tukasikia injini. Honi. Tairi kwenye changarawe. Ilikuwa kweli! Laini ilikuwa imesonga kwa ukweli, baada ya siku nzima. Nilifumba macho. Mama Asekenye mbele, na ukumbi wangu unakwenda kuisha mbele yake.

Sikusikia benchi hata moja. Nikafumbua jicho. Hakuna aliyesimama. Dereva mmoja wa simenti, mtu mkubwa wa kutoka Eldoret, alisema bila hata kugeuza shingo:

"Wacha isonge."

Nilimpenda mtu yule kuliko jamaa zangu wote wa damu. Echodu akamkaribisha Chrispine kwa maikrofoni, akamwambia akae chini haraka kwa sababu yeye anatokea sehemu inayofuata. Akakaa. Hakukuwa na nafasi, ikabidi akae kwenye mto wangu, ambao dereva alikuwa ameurudisha.

Mama Asekenye ameamua. Mahindi yatalala kwenye chumba cha mwanawe aliyeko Nairobi. Ukumbi unabaki sinema, kwa sharti kwamba kila Jumamosi Echodu atafsiri, na mimi niwe ndani ya hadithi, na nitandikwe. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Jumapili, 10 Agosti

Wajomba walivuka asubuhi kama tulivyopanga. Hawakurudi. Saa tisa, hakuna. Saa kumi, watu wamekaa, jukwaa tupu. Kumbe upande wa pili walikuta ndugu zetu wamezunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, mirija tayari mdomoni, na mtu wa Teso haruki chungu.

Walirudi jioni, wamependeza sana nyusoni, wakipiga akogo tangu geti la mpaka. Hawakufika hata ukumbini. Walipiga kando ya laini, lori baada ya lori, na madereva wakashuka kucheza. Watu wangu wakatoka wote, wa Chrispine wakatoka, Amongin akaacha karai. Mama Asekenye alicheza mabega vile mashemasi hawachezi. Chrispine alinishika mkono akanizungusha, na kwa dakika fulani nilisahau kwamba namchukia.

Furaha tupu. Na nani aliyesema ni wa kimataifa? Mimi!

Jumatatu, 11 Agosti

Leo hakuna gunia hata moja lililoingia. Nimekaa kwenye benchi yangu na kutafakari kwa utulivu, macho yamefumbwa.

Ukitazama vizuri, kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Nilimwambia Amongin hivyo. Akageuza chapati.

Habari mbaya moja. Chrispine ameleta VJ mpya kutoka Tororo, msichana anaitwa Vivian, anayetafsiri na kuimba kwa pamoja. Anaanza Ijumaa. Jina lake liko juu kabisa ya ubao, kwa chaki ya rangi. Ameniiga!

Sitakaa kimya. Nimechunguza kwa makini ni wapi nilikosea wiki iliyopita, na nimepata jibu. Mpango ulikuwa sawa kabisa. Tatizo lilikuwa koti, linang'aa sana.

Ijumaa nitavaa rinda la Amongin, lile la maua, na kitambaa kichwani. Nimelijaribu sasa hivi mbele ya kioo. Linanikaa vizuri mabegani.