Majani ya Nyuma ya Ghala

Jumatatu, 3 Machi

Shajara, niwie radhi kwa kimya cha tangu mwaka jana. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na la kujisifia. Leo ninalo.

Mkurugenzi anatafuta mkuu wa maabara yetu ya misitu. Tuko wawili: mimi, fundi wa siku nyingi, na shemeji, mdogo wa mke wangu, ambaye nilimwombea kazi mwenyewe. Tutapimwa kwa ramani ya vinasaba vya mkaratusi. Zinasomwa alama za vinasaba katika majani ya miti ndugu, mama mmoja, baba mmoja. Kwa jinsi ndugu wanavyotofautiana, tunajua ni sehemu ipi inayoufanya mti unyooke. Mimi nilete majani, yeye ayasome.

Miti hiyo iko mlimani. Mlima wenyewe hauna adabu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sikupanda. Nyuma ya ghala upo mkaratusi mmoja mpole, wenye matawi ya chini. Nilipanda juu ya kiti, nikajaza bahasha zote. Kila bahasha nikaiandika namba ya mti wake wa mlimani, kwa mwandiko safi. Jani ni jani.

Jioni nilijishika kiuno mbele ya mkurugenzi. Akanipa pole. Nikaipokea.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Picha ya mashine imetoka na mistari ya vinasaba ya bahasha zote imefanana. Shemeji akaniuliza taratibu, "Shemeji, hawa ni ndugu kweli, au ni mtu mmoja anayebadilisha mashati?"

Nilimweleza mkurugenzi kwamba shemeji haoshi kinu cha kusagia majani, ndiyo maana yamechanganyika. Akamtazama kwa jicho baya. Nimepata usingizi mzuri wa mchana.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja kula kwetu. Hana kinyongo, jambo linalonikera. Mke wangu, katika kunisifu, akamwambia mdogo wake kwamba mimi ni mtu nadhifu ajabu: "Jumanne kapanda mlima na mvua ile, viatu vikarudi havina hata tope."

Shemeji akaacha kutafuna. Akavitazama viatu vyangu mlangoni. Kisha akaomba mchuzi zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji amechuma jani nyuma ya ghala na kulisoma. Mistari ni ile ile.

Mkurugenzi aliniuliza kama ninalo la kusema. Nikasema mti ule ni mfano wa uthabiti. Hakucheka. Aliyenitetea ni shemeji, aliyeomba nipewe nafasi ya pili kwa heshima ya dada yake. Sikumwomba.

"Kesho upande mlima," mkurugenzi akasema. "Ijumaa nitaamua kama wewe ni mkuu wa maabara au ni mstaafu."

Jumatano, 12 Machi

Nimejihoji bila huruma, na kosa langu nimeliona. Mti ulikuwa mmoja.

Leo nimechuma katika miwili: ule wa ghala na ule wa langoni. Viatu nimevipaka tope la bustanini, hadi kwenye kamba. Mke wangu amenung'unika, nami nimemwomba anung'unike hivyo hivyo mbele ya mdogo wake.

Uamuzi ukishatoka, Shajara, nitakuandikia.