Mikwaju Kumi na Moja ya Wilondja

Jumapili, 12 Oktoba

Dhu! Sauti hiyo moja tu. Miaka miwili imepita na bado naisikia nikifumba macho: mguu wa Wilondja, kijana wa Kikongo, ukikutana na mpira, kwenye uwanja wa nyasi kando ya reli, Liverpool yetu hii ya kusini mwa dunia. Kama mtu kafunga kitabu kikubwa ndani ya nyumba tupu. Nilikuwa nasubiri basi. Mpira ukapanda, ukapanda, ukasahau kushuka. Basi likaja, likaondoka bila mimi.

Sasa Wilondja yuko Amerika. Chuo kimoja kilimwona kwenye video, kikamchukua akasome na kuwapigia mpira wao, ule wa umbo la yai. Wenzake huushika kwa mikono karibu muda wote. Kwa mguu hupigwa mara chache, na mara hizo chache ni zake. Jumamosi yao jioni ni Jumapili yetu saa nne asubuhi. Saa hiyo Wakongo wote niwajuao wako kanisani. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Kwa hiyo shahidi wa mechi ni mmoja tu katika jamii yetu ya wasema Kiswahili. Mimi!

Leo timu yake, ambayo mimi naiita Kulungu, wamefungwa 41 kwa 3. Lakini Wilondja kapiga mikwaju kumi na moja. Kumi na moja! Hakuna chuo kingine kilichofikisha hata saba. Katika orodha yangu ya redioni nimewapandisha Kulungu kutoka nafasi ya tano hadi ya pili. Matokeo ni kelele. Mpira ulio angani hausemi uongo.

Saa nane Mama Emérance, mamake Wilondja, akapiga simu kutoka uani kanisani. Hata salamu hakuimaliza. Mtoto yangu amepiga ngapi? Nikamwambia. Vigelegele nusura vipasue simu.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku yangu. Saa moja jioni, kipindi cha Kiswahili katika redio ya jamii. Mwenye kipindi ni Mama Emérance. Mimi nasoma Kumi Bora, orodha yangu ya vyuo vya Amerika kila wiki. Ukitamka neno la Kiingereza anakuzimia maikrofoni, hata kama yeye mwenyewe ametoka kutamka matatu. Ndiyo maana vyuo nimevipa majina yetu: Kulungu, Bundi, Nyuki wa Kusini, Farasi Weusi. Farasi Weusi hawajafungwa tangu msimu uanze. Nimewaweka wa kumi. Wanapiga mikwaju miwili kwa mechi. Watu wakavu.

Dakika kumi hizo! Wiki iliyobaki siongei. Ghalani, bandari ya Port Botany, navaa kifaa masikioni. Sauti ya mashine inaniambia rafu gani, maboksi mangapi. Nami naijibu kwa tarakimu. Muda wa saa nane kila siku. Wakati wa mapumziko natazama makontena yaliyopangwa hadi mbinguni, ya bluu, ya rangi ya kutu, na juu kabisa nawaona Kulungu wamesimama kimya. Jumanne navaa vifaa vingine masikioni, na watu ndio wananisikiliza. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Villawood hupiga pasi huku akinisikiliza. Aliandika hivyo mwenyewe.

Sasa habari mbaya. Kipindi kinapunguzwa, kutoka urefu wa saa mbili hadi saa moja. Mama Emérance kasema michezo itabaki na mtu mmoja: mimi, au Térence. Térence husoma habari za mpira wa miguu, na kanisani ndiye mpiga kinanda. Uamuzi Jumanne ijayo.

Térence akacheka. Timu imekula arobaini na moja, wewe unaiweka ya pili? Franchement, kusema kweli, dada Mize, hesabu hiyo ulisomea wapi? Nikamjibu kwamba nina shahada ya takwimu. Akasema ndiyo maana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimesikia Térence anapanga kuugua mafua Jumapili. Anataka kubaki nyumbani atazame mechi kwa macho yake. Shahidi wa pili! Haiwezekani.

Nikafikiri wakati wa chai, mbele ya makontena. Nikapiga simu. Nilimshauri Mama Emérance kwamba baraka ya mikwaju kumi na moja haipiti hivihivi. Inafaa ibada ya shukrani Jumapili hii hii, kwaya nzima, kinanda tangu mwanzo hadi mwisho. Akalia kwa furaha. Akasema mimi si wa dini yake lakini nina moyo wa nabii.

Bila Térence kwaya haiimbi. Mafua kwaheri!

Nimerudi kwa treni nikiwa mwepesi. Nje ya dirisha nikaona mpira umesimama juu ya mapaa ya mji, na watu wameanika nguo chini yake, hawana habari.

Jumamosi, 18 Oktoba

Pigo. Mchungaji kalipenda wazo mno. Anataka ushuhuda wa mtu aliyeiona mikwaju kwa macho yake. Mtu huyo ni mmoja tu. Saa nne kamili asubuhi, wakati mechi inaanza, mimi nitakuwa kiti cha mbele kanisani!

Nikamweleza shangazi ninayeishi naye, nikitarajia huruma. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na kwamba baibui langu linahitaji pasi.

Jumapili, 19 Oktoba

Ngoma, nyimbo, joto. Kisha nikaitwa.

Nilisimulia mkwaju mmoja mmoja. Nakiri niliona raha. Kufika wa nne nilikuwa nimefumba macho. Niliwaambia jinsi mpira unavyopanda hadi uwanja mzima unanyamaza, jinsi watu elfu sitini wanavyoinua nyuso kama maua. Amina! wakasema. Kila mkwaju, Térence akabonyeza kinanda, prrrang! Kufika wa tisa wanawake walikuwa wamesimama. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu.

Lakini kila nikifumbua macho, Térence anatazama chini. Simu yake ilikuwa juu ya kinanda, imeegemea kitabu cha nyimbo. Mechi! Na kidude kimoja sikioni. Mbele ya mchungaji!

Baada ya ibada akanivuta pembeni. Alisema taratibu, karibu kwa huruma, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kwamba timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira mbele. Wakikwama, wanamwita Wilondja aupige mbali, maana adui anauchukua sasa hivi. Anapiga wakishindwa. Mikwaju kumi na moja ni kukwama mara kumi na moja. Voilà, dada.

Nikamwambia hayo ni maoni yake. Kisha nikajifungia chooni nikasoma sheria za mchezo kwenye simu. Mara ya kwanza. Sikuwahi kuzisoma, nisije nikaathirika.

Si maoni yake.

Na leo? Kulungu wameshinda 38 kwa 10. Wilondja hakupiga hata mara moja.

Nilitoka nikamkuta Mama Emérance kwenye sufuria la wali. Akaniuliza, leo ngapi? Térence akanitazama. Nikasema sifuri. Mwiko ukamdondoka. Wamemukalisha benchi mtoto yangu! Siku ya shukrani yake! Machozi, mbele ya foleni nzima ya sahani. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba kocha anamhifadhi. Kama vyombo vya wageni kabatini, mama. Vizuri havitumiki kila siku.

Akafuta machozi kwa kanga. Akaniongezea nyama. Niliila yote.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nilimpelekea Térence visheti vya shangazi, kopo zima. Akala kumi na vinane akiwa amesimama mlangoni. Akashukuru sana. Akasema havina mfano, na kesho atasema ukweli hewani.

Nikamwomba amfikirie yule mama. Akasema anamfikiria. Wewe umewahi kujiuliza kila Jumapili anamwomba Mungu nini?

Sikuwahi. Swali hilo lilipanda basi pamoja nami.

Nyumbani nikapanga orodha upya kwa kanuni sahihi. Farasi Weusi wa kwanza. Kulungu wa kumi na tisa, nje ya orodha. Orodha safi, ya kweli, mtu yeyote angeweza kuiandika. Niliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikaifuta.

Jumanne, 21 Oktoba

Hakuna aliyelazimika kusema. Wilondja alimpigia mamake leo alfajiri, furaha imemjaa. Mama, sikuingia hata mara moja! Siku nzuri kuliko zote tangu nifike huku! Kisha akamweleza kwa nini.

Mama Emérance akaingia studio, akaketi, akaweka mkoba magotini. Kumbe! akasema. Kila Jumapili napiga magoti, Bwana, mupe mtoto yangu mipira mingi. Kumbe namuombea ashindwe! Na Mungu alikuwa ananisikia!

Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza. Térence naye. Nikasubiri wamalize ili nifafanue kuhusu vyombo vya wageni. Nilipofafanua wakaanza upya.

Kisha akahukumu. Michezo yote, na Kumi Bora pia, ni ya Térence, kuanzia leo. Nikatazama maikrofoni, nyeusi, ndogo, na sponji yake iliyochakaa. Masikioni nikaisikia ile mashine: rafu ya kumi na nne, maboksi sita. Nikajibu kimoyomoyo, sita. Kwa hiyo basi. Hadi nizeeke.

Mama Emérance akanishika mkono. Mize, mtoto yangu, uongo wako nimeusamehe, ulikuwa mtamu. Lakini sauti yako hakuna wa kuitupa. Kasema mwanamke wa Villawood ameshapiga simu kuuliza kama nitakuwepo. Nimepewa matangazo ya jamii: misiba, harusi, ubatizo. Dakika kumi. Dakika zangu! Sharti moja, nisome kilichoandikwa, nisiongeze kitu changu.

Nimeahidi. Nimeapa kabisa. Térence shahidi.

Jumatano, 22 Oktoba

Sikwenda kazini, leo zamu yangu ya kupumzika. Nimeketi na matangazo tangu alfajiri. Harusi tisa kati ya sasa na Krismasi! Majina yote hayo mawilimawili, yameshikana mikono kwenye karatasi. Nilifumba macho nikaziona shela zikipita moja baada ya nyingine juu ya Liverpool, polepole, kama mawingu.

Na zimepangwa kwa tarehe. Kwa tarehe tu! Msikilizaji atajuaje ipi aingoje kwa hamu zaidi?

Nimetafuta kanuni. Umbali wanaosafiri ndugu, idadi ya mashangazi, na muda vigelegele vinavyokaa hewani kabla ya kufa. Safari hii nimelipitia sharti kwanza, neno kwa neno. Hakuna panaposema harusi zisipangwe kwa ubora. Harusi ya binti wa mchungaji ni ya sita, maana ukumbi wao una dari fupi. Ya kumi ilikosekana, nikaweka uchumba wa Térence.

Misiba sijaigusa. Bado nakusanya takwimu.

Orodha nimeshaituma saa mbili asubuhi, kwa mchungaji, kwa Mama Emérance na kwa familia zote kumi.