Ombi la Kumzuia Mzee Mfaume Asitulindie Mpunga wa Kigango

Kigango cha Mt. Isidori Mkulima,
Umwe.
17 Mei 1993

Kwa Baba Paroko,
Kibiti.

YAH: MZEE MFAUME NA SHAMBA LA KANISA

Baba Paroko mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nina hakika umeitikia hapo ulipo, kwa hiyo naendelea. Sisi huku ni wazima, hofu yetu ni juu ya pikipiki yako, ambayo tumesikia imelala tena Bungu.

Barua yako ya tarehe 6 nimeipokea. Nimeisoma mara nne, na mara ya nne nimeisoma kwa sauti mbele ya Wakristo wetu wote ishirini na sita. Unasema shamba letu la mpunga la mwaka jana liliyapita mashamba ya vigango vyote, na unataka nije Kibiti Jumamosi ya tarehe 29 kwenye semina ya uwakili, niwafundishe wenyeviti wenzangu jinsi Wakristo wa Umwe wanavyolinda mali ya Mungu. Umesema nije na mfano wa vitendo. Nashukuru sana kwa heshima hiyo. Lakini heshima yenyewe, Baba, ina mtu amekaa katikati yake, na nisipoondolewa mtu huyo sitakuwa na uso wa kusimama mbele ya wenzangu.

Mtu mwenyewe ni Mzee Mfaume. Ni Mndengereko, Mwislamu wa swala tano, na shamba lake limepakana na letu kule bondeni, kati yetu ni tuta moja tu. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani haogopi cheo cha mtu. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba kama nilivyofundishwa chuo cha ualimu.

1. Anaharibu ratiba. Ratiba ya ulinzi niliipiga mistari kwa rula mimi mwenyewe na kuibandika ukutani kanisani. Zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri, chai saa nne, Jumamosi nusu siku, Jumapili na sikukuu za kitaifa hakuna ulinzi. Sisi ni walimu, wauguzi na maofisa, na ndivyo kazi inavyofanyika Tanzania nzima. Kwelea, wale ndege wala mpunga, hawakuiheshimu. Wanakuja alfajiri umande haujakauka, wanakula, wanakwenda zao, wanarudi saa kumi jioni sisi tumeshafunga. Jambo hili lilihitaji kikao. Lakini Mzee Mfaume hakungoja kikao. Akitoka kuswali alfajiri anapanda dunguni kwake, kile kibanda cha juu ya miti, na kuanza kuamia ndege, wake na wetu kwa mkupuo mmoja. Nilimweleza kwa upole kwamba muda ule haumo kwenye ratiba. Akasema hata yeye limemshangaza, kwa maana ndege wote aliowauliza wanasema hawajaiona hiyo ratiba.

2. Anadharau utaalamu. Kigangoni tunaye Bwana Michael, ofisa kilimo, mtu wa diploma. Bwana Michael alitushauri tusimamishe sanamu ya mtu. Siku hizi za ruksa mitumba imejaa kila gulio, tukanunua koti zito la Ulaya, tukauvika mti. Siku ya tatu ndege walikuwa wameanza kujenga kiota kwenye mfuko wa koti. Ndipo Bwana Michael akaleta utaalamu wa pili: kuchomoa utepe wa kaseti na kuutandaza shamba zima, ukipigwa na upepo uvume ndege wakimbie. Kaseti iliyopatikana ilikuwa ya kwaya yetu. Utepe ulivuma kweli, Baba, tena ulivuma vizuri kuliko kwaya yenyewe ilivyoimba. Mzee Mfaume akavuka tuta kuja kuuliza kama tuna mazoezi ya Pasaka. Kesho yake alikuta utepe umekatika, akafunga kamba ndefu yenye makopo matupu ya maziwa, kutoka dunguni kwake mpaka katikati ya shamba letu, akawa anaivuta yeye. Tangu hapo Bwana Michael hana la kutushauri, na mkewe anasema hata chakula hali vizuri.

3. Analinda Jumapili. Hili ni baya kwa sababu sauti yake inafika kanisani. Katika sala ya waumini, katekista anapoomba Mungu atukingie mazao na ndege waharibifu, kule bondeni inasikika "Hoooya!" na makopo yanalia. Jumapili ya juzi Mama Honorata, yule muuguzi wa zahanati, alimwambia jirani yake kwamba sala ya leo imejibiwa kabla ya amina. Alinong'ona, lakini mama yule amezoea kuita wagonjwa kwenye foleni, kila mtu alisikia. Watu walicheka katikati ya sala, katekista naye akacheka. Kicheko hicho chote nakiandika kwenye hesabu ya Mzee Mfaume.

4. Anawatukana ndege. Anawatukana kwa Kindengereko, ambacho mimi sikijui, ila nimewaomba wanafunzi wangu wa darasa la sita wanifasirie na wote walitazama chini. Swali langu ni la kitheolojia: mpunga uliokua ukisikia maneno hayo tangu unachanua, unafaa kuletwa altareni siku ya mavuno? Naomba jibu kwa maandishi. Mkewe, Bi Mwanaamina, yeye ana staha zaidi, huwaambia ndege waende wakale kwa mwenyekiti wa kijiji.

5. Hakunikasirikia. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Kwa misimu miwili Mzee Mfaume ametulindia bila kuomba hata punje. Ijumaa iliyopita, kwa mara ya kwanza, aliniomba kitu. Bi Mwanaamina alikuwa msibani Chumbi, naye alitaka kwenda msikitini, akaniomba nikae dunguni kwake kuanzia saa sita mpaka saa nane. Saa mbili tu. Nilikubali kwa furaha, nikaona leo na sisi tumepata pa kulipia fadhila. Nilipanda na mwavuli, chupa ya chai na daftari la kuandalia somo la semina. Kule juu, Baba, kuna kaupepo. Nilifumba macho kidogo ili nitafakari vizuri kichwa cha somo, ambacho nilikuwa nimeandika "Kesheni".

Nilipofumbua, pembe nzima ya shamba lake imebaki makapi. Na hapa ndipo penye fedheha yenyewe. Mguu wangu ulikuwa umeegemea ile kamba ya makopo ya shamba letu. Kila nilipojigeuza usingizini, makopo yalilia kwetu, ndege wakaruka kutoka kwenye mpunga wa kanisa na kuhamia kwake. Nililinda vizuri sana, ila nililinda la kwangu, tena nikiwa nimelala.

Alirudi na kanzu yake nyeupe. Alisimama kwenye tuta akaangalia. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kuomba radhi, yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Alichuma suke moja, akaliminya, halina kitu, akalitupa. Kisha akasema, "Mtani, wewe ukilinda, ndege wanakuja na wakwe zao." Akacheka, akaniuliza kama nimeshakula. Nikasema bado. Akafungua kifurushi chake tukala muhogo wa kuchemsha. Baba, mtu aliyekosewa ana wajibu wa kukasirika, ili mkosaji naye apate pa kushika. Yeye hakunipa. Tangu Ijumaa silali, na watoto shuleni wananiuliza ninaumwa nini.

6. Anasababisha maswali. Taarifa ya mwaka jana niliyokuletea ilisema, "Wakristo walilinda shamba kwa zamu." Si uongo. Zamu zilikuwepo na ziko ukutani mpaka leo, ukija utaziona. Lakini tangu nilipoisoma barua yako hadharani, watu wananitazama. Katika kamati Mama Honorata alipendekeza anayestahili kwenda kufundisha semina ni Mzee Mfaume. Nilimzuia nikisema hoja iko nje ya utaratibu, kwa kuwa Mzee Mfaume si mwanakigango. Akaniuliza kama kwelea wao wanamjua nani mwanakigango na nani siye. Nilifunga kikao kwa sala fupi.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Kwanza, umwandikie Mzee Mfaume barua yenye muhuri wa parokia, ukimwamuru asitulindie shamba tangu atakapoipata mpaka semina itakapokwisha, ili niweze kusimama Kibiti na kusema kwa ukweli kwamba Wakristo wa Umwe wanalinda wenyewe. Semina ikishakwisha anaweza kuendelea, ikiwezekana jioni ileile. Pili, katika barua hiyo usimshukuru, maana shukrani zitamtia moyo. Tatu, kama unalijua kosa lake lolote, nisaidie. Nimemtafutia wiki nzima, nikapata moja tu, kwamba mbuzi wake aliingia kanisani mwezi wa pili akala maua ya altare. Nalo limeharibika, kwa sababu alikuja mwenyewe kufagia, na akafagia mpaka chini ya mabenchi, mahali ambapo sisi hatujawahi kufika.

Salamu nyingi kwa masista, kwa mpishi wako na maharage yake, kwa fundi wa pikipiki huko Bungu, na kwa wenyeviti wote wa vigango ambao hawana majirani. Wakristo wa Umwe wanakusalimu, ndege pia wapo.

Wako katika uwakili,

Mwl. Damas Mihayo,
Mwenyekiti wa Kigango, na Msimamizi wa Ulinzi kwa mujibu wa ratiba.

Nyongeza, Alhamisi tarehe 20. Baba, barua hii nilikuwa nimeshaifunga nimpe kondakta wa basi. Nimeifungua.

Jumanne alfajiri sikusikia "Hoooya." Nilitoka uani nikaona anga la bondeni jeusi kwa ndege. Nikajua ombi langu limekubaliwa kabla halijatumwa. Mzee Mfaume ameshikwa na homa, alianguka Jumatatu usiku, na Mama Honorata amempa dawa na kumkataza kutoka kitandani. Nilikimbia na shati la kulalia. Nimekuwa dunguni kwake siku tatu, tangu alfajiri mpaka jua linazama, navuta kamba zote mbili, ya shamba lake na ya letu, na kupiga kelele. Bwana Michael yuko upande wa pili na lile koti la Ulaya amelivaa mwenyewe, na linawatisha ndege kuliko lilivyokuwa mtini. Wakristo wengine wanakuja kila wanapotoka kazini, na hakuna aliyeuliza ratiba. Kuhusu namba 4, naomba uifute. Nimegundua kwamba kwelea haambiwi kwa lugha ya ibada, na Kinyamwezi nacho kina utajiri wake.

Jana Bi Mwanaamina aliniletea uji. Akaniambia mumewe amesikia makelele akiwa kitandani, akauliza ni nani huyo anayelinda vibaya namna hiyo, lakini tangu alfajiri. Alipoambiwa ni mimi, akageukia ukutani, akalala usingizi wake wa kwanza tangu augue. Nilipoambiwa hivyo nilishindwa kunywa uji, Baba, nikalia kule juu peke yangu, na ndege wakapata dakika tano.

Sasa sauti imekauka kabisa, hata salamu najibu kwa mkono tu, kwa hiyo semina siwezi kuifundisha. Tafadhali tayarisha vitanda viwili. Homa imeanza kushuka, na Mzee Mfaume amekubali kuja kufundisha, kwa sharti kwamba mimi nitakuwa mfano wa vitendo. Mswala wake atakuja nao.

Na ile taarifa ya mwaka jana naomba uitoe kwenye faili. Palipoandikwa "Wakristo walilinda kwa zamu", kata, andika jina lake na la mkewe. Ya mwaka huu nimeianza jana usiku. Ina mstari mmoja tu mpaka sasa: Ijumaa tarehe 14, saa sita hadi saa nane, zamu ya Mwalimu Damas, alilala.